Jiwe la Mezani

Jumanne, Ngazija

Binti yangu ananiambia eti nipumzike kivulini, ninywe madafu.

Miaka thelathini nilifundisha jiografia kule Same, jiwe jeusi mezani. Niliwaambia wanafunzi nimelitoa kwenye volkano ya kisiwa hiki. Uongo. Nililiokota njiani pale Kifaru, hukohuko bara. Hata bahari nilikuwa sijaiona.

Leo nimejikongoja na fimbo hadi kwenye miamba iliyomwagwa na volkano.

“Mama, utavunjika,” binti yangu Nakijwa akasema.

“Daktari amenipa miezi, mwanangu, hakunipa amri.”

Nimeinama mwenyewe, nikaokota jiwe. Magoti yanauma mpaka sasa.

Nimemweleza yote. Alicheka, kisha akaliangalia jiwe mkononi mwangu. Hata yeye nilimfundisha kwa lile la uongo.

Nikifa, jiwe hili wasiliweke kaburini. Walipeleke darasani, wanafunzi waambiwe: kwa lile la kwanza mwalimu alidanganya, kwa hili aliinama.