Udongo wa Magotini

Jumatatu, 22 Februari 2016

Tumefungwa tena. Mechi mbili Jumamosi, mbili Jumapili – nne kwa nne! Sare za timu ziko kwenye karo la kufulia tangu alfajiri na mgongo wangu unanitukana.

Suruali za jana ni ishirini na nne. Zenye udongo wa kweli magotini: tano. Tano! Wengine hawa wanacheza besiboli kama wanakwenda kubatiza mtoto. Nimeshika suruali moja nikainusa – sabuni yangu mwenyewe ya wiki iliyopita. Nikamwambia Tomasa wa jirani, hii ningeirudisha kabatini na hakuna ambaye angejua.

Redio ya Tomasa inabishana mchana kutwa. Lini hawa Kenge wetu watakuwa timu tena? Mmoja anasema miaka miwili. Mwingine mitano. Mwingine anasema timu ilikufa mwaka jana, walipowatimua wakongwe wote wakaleta vitoto visivyojua kunyoa ndevu. Wote hao hawajawahi kufua hata leso.

Mkongwe aliyebaki ni mmoja. Mwanangu. Nicanor, mlinzi wa kituo cha tatu, miaka thelathini na mitano, kumi na saba akiwa na Kenge. Suruali yake ni moja ya zile tano.

Jumatatu, 7 Machi

Tumeshinda moja! Magoti ya watu saba.

Bwana Heriberto kapita saa nne, kama kila Jumatatu. Kocha mzima, kofia mkononi, anasimama kwenye karo langu kama amekuja kuungama. Nikampa kahawa. Daftari lake la takwimu hata hakulifungua. Anauliza tu: Bi Ercilia, suruali zinasemaje?

Nikamwambia bila kumung'unya. Wa kituo cha pili anajitupa kulia tu, kushoto anaogopa. Yule mrefu wa nyuma kabisa ana nyasi makalioni – ameketi! Ameketi uwanjani mechi inaendelea! Na huyu mpya, Yader Picado, wa kule kwenye mashamba ya kahawa: magoti yote mawili yametoboka, na kifuani udongo umeingia mpaka mfukoni. Anacheza mechi moja moja tu, Nicanor akipumzika. Lakini anachafuka kuliko wote.

Bwana Heriberto kacheka. Basi ni lini tutakuwa timu, Bi Ercilia? Yeye mwenyewe redioni amesema ni mwaka wa tatu kuanzia sasa. Nikamwambia mwaka mimi siujui. Niletee suruali kumi na nane zilizochafuka kwa haki, halafu ndiyo uniulize.

Nimeandika mengi leo, mkono unauma. Sijaingia darasani hata siku moja. Herufi nilifundishwa mwaka wa themanini, kwenye kampeni ya kufuta ujinga, na binti wa mjini aliyekuja na taa yake, akawa analala kwenye bembea ya kamba hapa hapa jikoni. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, Nicanor yuko tumboni. Udongo nilikuwa nausoma zamani. Mama yangu naye alikuwa anafua.

Jumanne, 22 Machi

Wiki Takatifu, hakuna mechi. Karo limekauka, mpaka naliona geni.

Nicanor kaja na Heysel mwanawe kula supu ya jibini. Kala sahani tatu, huyo bado namjua. Kisha namtazama akishuka ngazi ya jikoni – ngazi moja! – kaishuka kwa ubavu, mkono ukutani.

Goti?

Baridi, mama.

Baridi! Mwezi wa tatu, mbwa wanagombania kivuli cha gari!

Heysel kabaki nami kuosha vyombo. Bibi, baba akiacha mpira atakuwa nani? Nikamwambia atakuwa baba yako, na atakula supu yake hapa. Kakubali, akaendelea kuosha. Mimi ndiye niliyeangusha sahani.

Jumatatu, 4 Aprili

Kumi na mmoja. Na tumeshinda mbili kati ya nne!

Ya Nicanor ilikuwa chafu kuliko zote. Nikafurahi kama mjinga. Nikaiweka ya mwisho, kama mtu anayejiwekea mnofu. Nikaitia majini.

Udongo ukaondoka wote. Bila sabuni, bila brashi.

Udongo wa kujitupa hauondoki hivyo. Unaingia kwenye nyuzi, unalala upande mmoja kama nywele zilizochanwa, na nyuzi zenyewe zimekatika. Ule unataka ndimu, jua la siku mbili na matusi. Huu ulikaa juu juu, umezungushwa zungushwa. Nikaichukua suruali yake nyingine, aliyovaa Jumamosi, ambayo nilikuwa sijailoweka. Nikaipeleka kwenye mwanga. Vidole vinne na gumba. Mkono naujua. Niliufundisha kushika kijiko.

Ameupaka. Mwanangu mtu mzima amejipaka udongo ili mama yake auone.

Saa nne Bwana Heriberto akaingia. Kasema mwisho wa mwezi anapeleka ligi majina ya nusu ya pili ya msimu. Pale kituo cha tatu atabaki mtu mmoja. Alikuwa anatazama kikombe. Na ya Nicanor, Bi Ercilia?

Nikasema: chafu.

Sikudanganya. Ilikuwa chafu.

Jumanne, 5 Aprili

Nimedanganya. Maharage yameungua.

Jumapili, 17 Aprili

Nimekwenda uwanjani! Mara ya kwanza tangu mwaka juzi. Tomasa kanishika mkono kwenye ngazi kama mimi ni yai.

Mechi ya kwanza alicheza Nicanor. Mpira wa kwanza ukamjia chini, kushoto kwake, mwendo wa kutembea. Zamani angeuokota huku anapiga mluzi. Aliinama nusu, akanyoosha mkono, ukapita. Wa pili ukapita pale pale. Mwanamume mmoja nyuma yangu akapiga kelele: Babu wee! Mpira uko chini huko, mawinguni hakuna kitu!

Nikageuka. Nikamwambia: na wewe, kwa tumbo hilo, mara ya mwisho kuonana na vidole vya miguu yako ilikuwa lini?

Jukwaa zima likacheka. Tomasa akamnong'oneza mimi ni nani. Maskini, uso ukamshuka! Akaninunulia muhogo na ngozi ya nguruwe ya kukaanga, na kabichi juu. Nikala. Hasira haishibishi.

Nilikula lakini yule mtu alisema kweli.

Mechi ya pili, Yader. Nicanor yuko benchi – lakini hakai! Kaegemea chuma, anapiga kelele kila mpigaji akiingia. Rudi hatua mbili! Huyu anaupiga kwenye mstari! Yader anarudi hatua mbili. Na mpira unakwenda pale pale, kama umeitwa jina. Yule kijana akajitupa mzima mzima, vumbi likafika kwetu, akainuka na mpira, akarusha. Mpigaji nje!

Mimi nilikuwa simtazami Yader. Nilimtazama wangu. Alikuwa ameshainua mikono juu kabla mpira haujafika.

Jumatatu, 18 Aprili

Kumi na wanne. Ya Nicanor imepakwa tena. Safari hii kapaka na maji kidogo, ili ishike. Kumbe amekaa akafikiri!

Nilimwita. Nikamwekea suruali mezani. Akaitazama. Akauliza, Bwana Heriberto anajua? Nikamwambia hajui, nimemwambia uongo kwa ajili yako, na uongo huo umeniunguzia maharage.

Akasema: mama, timu nzima inajua anakuja kukuuliza. Mdakaji, yule wa nyuma ya mpigaji, anajigaragaza kabla ya kuvua, umeliona hilo? Nikamwambia nimeliona, nilimsema kwa Bwana Heriberto, mgongo wa suruali haumdanganyi mtu. Tukacheka wote wawili. Kisha yeye akaacha kucheka.

Nikamuuliza goti. Kasema linajaa maji kila Jumapili, linapungua Alhamisi. Tangu Desemba! Tangu Desemba na mimi niko hapa, mita hamsini kutoka kwake!

Nikamwambia maneno makali. Kwamba ana binti. Kwamba nikimwona na mkongojo nitamchapa nao. Kwamba mpira haumdai kitu na yeye haudai.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema: mama, miaka hii sita ya kufungwa nimekaa yote. Wengine waliondoka, mimi nikabaki. Watu wamenirushia maganda ya machungwa. Sasa wanaanza kuwa timu, naiona inakuja, naiona kabla yao wenyewe. Nikitoka leo, mwaka kesho wataingia fainali na mimi nitasikiliza kwenye redio ya Tomasa. Nataka kuwepo tu.

Kuwepo tu.

Nilikuwa na maneno mengine nimeyaandaa. Nikampashia moto tortila ya mahindi, nikaitia chumvi na jibini, nikamkanda lile goti kwa mafuta. Limevimba kama papai. Alilala kitini mdomo wazi, kama alipokuwa na miaka minne.

Jumatatu, 25 Aprili

Ushindi mara tatu! Tomasa kapiga sufuria barabarani.

Nimehesabu mara mbili. Nikamwita Heysel naye ahesabu, kwa sababu yuko darasa la nne. Kumi na nane! Za haki, nyuzi zimekatika. Wa kituo cha pili amejitupa kushoto – kushoto! Nimeibusu suruali yake, sitamwambia mtu.

Ya kumi na tisa niliyoishika ni ya Nicanor. Safi. Safi kabisa, mstari wa pasi yangu bado umesimama. Alicheza mechi moja na hakupaka kitu. Nimeishika muda mrefu. Hata hiyo nimeifua.

Shida ni Yader. Magoti yametoboka mpaka hakuna pa kushonea, ana suruali mbili na zote ziko hivyo. Kitambaa cha timu kimekwisha, na duka halina cheupe cha uzito huo. Nilikuwa nalalamika hivyo peke yangu, kwa sauti, nikahisi nyuma yangu mtu ananisikiliza.

Nicanor. Kaja bila kuitwa. Mkononi ana ile suruali yake nyingine ya msimu, ameikunja vizuri kama ya dukani. Kaiweka mezani. Akavuta droo, akatoa mkasi wangu, akauweka juu yake.

Kata magoti yangu, mama. Bado mazima.

Nikamwambia nyamaza. Akasema ni kitambaa kile kile, hata rangi itafanana. Nikamwambia nyamaza, Nicanor! Akavuta kiti akakaa, mguu mbaya kaunyoosha mbele, akaanza kunieleza kuhusu yule kijana. Kwamba anaanza na mguu wa kulia na inampotezea nusu hatua. Kwamba itachukua miezi mitatu hivi kumrekebisha, kama kuna mtu wa kukaa naye kila asubuhi. Anaongea, anaongea, mikono inaruka. Sijamsikia akiongea hivi tangu mwaka jana.

Naandika huku nimesimama, daftari juu ya karo, kurasa zimelowa. Nimeshachora kwa sabuni mahali pa kukata, duara mbili. Mkasi uko mkono mwingine. Saa nne imefika – lango limelia, na Bwana Heriberto anafuta viatu, anauliza kutoka huko huko nje, suruali zinasemaje leo, Bi Ercilia, na Nicanor ananitazama, hanizuii kukata wala kusema kweli