Picha za Mpangaji Wangu

Jumatatu, 3 Juni
Vitenge vya Mtwara vimefika. Robota moja limelowa, nimevianika uani. Mpangaji wangu, Celso, mwalimu wa fizikia aliyeletwa hapa Palma kutoka Beira, alikuwa barazani na kompyuta. Nilipopita nikaona picha: ardhi ya kijivu, mashimo, mistari myeusi. Akaifunga haraka. Sikupenda.

Jumatano, 5 Juni
Picha ileile. Juzi ilikuwa hafifu, leo inaonekana vizuri. Bonde la mto mkavu, limepigwa picha kutoka juu. Kama mto Rovuma kule Nhica wakati wa kiangazi. Nani anampa? Quiterajo, tulikokuwa tukiishi, nako walitangulia wageni wapiga picha. Kisha wakaja waasi, tukakimbia na nguo za mwilini.

Ijumaa, 7 Juni
Nimemwambia shemeji Saidi baada ya swala. Anataka kwenda kwa wanajeshi. Nimemkataza. Anayechukuliwa huenda asirudi. Kesho namuuliza mwenyewe.

Jumamosi, 8 Juni
Nimemuuliza. Alicheka, akaniona uso, akaacha.
"Ni Mirihi, Dona Zuhura. Sayari nyingine."
Anasema kuna chombo kinaizunguka. Kiko mbali mno, hakiwezi kutuma mengi kwa mara moja. Kinatanguliza picha ndogo, hafifu. Wataalamu huku duniani wanachagua zipi ziletwe kamili. Nyingine zinafutwa, nafasi haitoshi. Mistari myeusi ni vipande vilivyopotea njiani. Yeye anazipata mtandaoni, anataka kuwaonyesha wanafunzi.
"Mbona uliifunga?"
"Natumia umeme wako. Niliona aibu."
Nusu nimeamini.

Jumapili, 9 Juni
Saidi hakunisikia. Asubuhi wanajeshi wamemchukua Celso na kompyuta yake. Nimewafuata hadi kambini. Mkubwa wao akanigeuzia picha.
"Hapa si Nhica?"
Nikaitazama sana. Bonde zima, hakuna mkorosho, hakuna hata kijia cha kwendea maji.
"Hapa hajawahi kuishi mtu," nikasema.
Je, nikiwa nimedanganywa? Jioni wamemwachia. Kompyuta wamebaki nayo.

Jumatano, 12 Juni
Celso anafundisha kwa chaki tu. Hajauliza nani alimsema. Nadhani anajua. Leo nimempelekea chai na mkate wa kumimina. Kapokea kwa mikono miwili, kashukuru, kanywa amesimama mlangoni. Akanirudishia kikombe. Nilipogeuka nikasikia komeo likifungwa nyuma yangu.