Konsolata Harudi Nyakisasa

Mwanza

Kwako mdogo wangu Deogratias,

Nakusalimu kwa sababu mama alitulea kusalimiana hata tukiwa tumekasirikiana. Huku tu wazima. Miguu ya mama inaendeleaje? Hilo anijibu mtu mwingine, maana mimi siamini tena unachoniambia kuhusu afya ya mtu.

Barua yako imefika. Unasema nimekuvunjia nyumba, nimemficha mkeo, na kwamba utakuja na mwenyekiti wa kijiji kumchukua binti yako. Sasa nisikilize.

Nilipomchukua Konsolata mara ya kwanza alikuwa na miaka minane na kimo cha mtoto wa miaka mitatu. Uso umevimba, sauti nzito, ngozi kavu na baridi, kutwa anasinzia. Ninyi mkasema ni mizimu ya makaburi mliyoyaacha mlipohamishiwa kijiji cha ujamaa. Alikuwa hivyo kabla hamjahama, Deo. Daktari wa watoto wa hapa alimpiga picha ya mkono, akanionyesha mifupa michanga kama ya mtoto anayejifunza kutembea. Akanieleza kwamba kooni kuna tezi inayotoa kitu cha kuukuza mwili, na ya Konsolata haijafanya kazi tangu azaliwe. Anywe kidonge kila asubuhi, maisha yake yote. Alinionya pia kwamba akili iliyokwisha kuchelewa haitarudi yote, lakini mwili utakua.

Ukakua. Hata wewe ulishangaa nilipomleta nyumbani, gauni limemfupia, meno ya utoto yanang'oka, anakimbizana na mbuzi. Vidonge nilikukabidhi mkononi, nikakueleza mbele ya mkeo Verdiana. Ukaitikia, ndiyo dada.

Kumbe nilipoondoka tu ulimsikiliza mganga wako, aliyesema dawa yake haitafanya kazi tumboni mwenye vidonge, ukavitupa chooni. Verdiana alipolia ukampiga. Mimi ukaniandikia kwamba mtoto anaendelea vizuri.

Mkeo hakutoroshwa na mtu. Alimbeba mtoto ambaye alikuwa haamki hata kula, akahangaika naye njiani mpaka njia panda ya Lusahunga. Mabasi hakuna, vita vimechukua magari yote. Dereva wa lori la jeshi lililokuwa likirudi tupu kutoka mpakani akamwonea huruma, akawaleta hadi huku Mwanza. Mtu anayetoka vitani, asiyemjua mwanao hata jina, alivua koti lake akamfunika. Wewe baba yake ulikuwa kwenye pombe ya ndizi.

Njoo na mwenyekiti. Njoo na mgambo ukipenda. Nitawapeleka kwa daktari awaonyeshe ile picha, kisha mtarudi Nyakisasa huko Ngara kama mlivyokuja.

Vidonge ameanza tena. Uvimbe wa uso unapungua, na maneno yanarudi. Juzi tukichambua maharage nilimwuliza kama anataka kwenda kwa baba. Alichambua punje kadhaa kwanza, maana hufikiri polepole, kisha akasema, "Shangazi, nikienda nitalala tena?"

Mjibu wewe, ukiweza.

Msalimie mama. Msalimie baba mdogo anayefundisha katekisimu, na dada wa Verdiana, umwambie ndugu yake yupo salama na anakula. Mganga wako simsalimu.

Ni mimi dada yako, ambaye bado ninakuita mdogo wangu,

Yustina