Bakuli la Koku

Jumatatu, 3 Machi

Uji tena. Tangu kiharusi Mama anameza kwa taabu. Vijiko vitatu tu, akapaliwa. Nilimpa habari za kijiji kizima cha Izigo ili achangamke. Akajaribu kujibu, akakohoa. Kahawa haijapaliliwa, nami niko na kijiko.

Jumanne, 4 Machi

Koku, mke wa kaka, amefika kutoka Bukoba. Kampigia Mama magoti, kamlisha ndizi za kuponda. Bakuli zima! Kikohozi hakuna. Kaka anacheka kwenye simu: "Mama kapata binti, waitu, jamani!" Nimesonya. Mama aliyenizaa mimi, bintiye. Wivu ninao, sikatai.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeonja ndizi zake kwa siri. Hazina lolote. Chumvi, mchuzi wa maharage, basi. Nikapika zilezile, nikamlisha mimi. Kila kijiko nikamwuliza: tamu? Za nani tamu, zangu au za Koku? Nilitaka anitaje, mara moja tu, Koku akisikia. Alifungua mdomo kujibu. Akapaliwa mpaka midomo ikageuka rangi. Usiku homa.

Ijumaa, 7 Machi

Hospitali, Muleba. Homa ya mapafu. Chakula kimeingia njia ya hewa. Kikiingia tena, atawekewa mpira wa kulishia puani.

Muuguzi alitueleza akijishika shingo. Kooni kuna njia mbili: ya hewa mbele, umio nyuma. Ukimeza, koromeo linapanda, kifuniko kinaziba njia ya hewa, pumzi inasimama kidogo. Tonge likishapita, umio unalisukuma wenyewe hadi tumboni. Ukisema, njia ya hewa iko wazi.

"Nani huongea naye akila?"

Koku akatazama sakafu. Yeye haongei mkwewe akiwa anakula, ndivyo alivyolelewa kwao Kashozi. Nilikuwa namcheka kwa hilo.

"Mimi," nikasema. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumatano, 12 Machi

Tumerudi nyumbani. Koku karudi Bukoba. Nimemfungashia maharage, yale mazuri.

Nikamketisha Mama wima, kidevu chini kidogo. Tonge dogo. Nikanyamaza. Kwangu mimi hiyo ni kazi kuliko palizi. Koo likapanda, likashuka. Jingine. Bakuli likaisha.

Nikamfuta mdomo. Akapumua, akanitazama.

"Koku yuko wapi?"

Imeniuma. Nikamwambia atakuja Jumamosi. Lakini maneno matatu mazima, na hakukohoa.