Mgongo wa Sinema

Laini Saba, Kibera
Tarehe 5 Januari, 1980

Kwa dada yangu Nanyama,

Bwana asifiwe sana. Natumaini barua hii imekukuta ukiwa mzima, wewe na ng'ombe wako yule wa pembe moja, na kwamba mguu umeacha kukusumbua. Mimi hapa ni mzima kuliko vijana. Napiga randa asubuhi mpaka jioni na sijavaa miwani. Barua nimeandika mwenyewe, sikuita karani, kwa hivyo ukiona herufi imelala ujue ni kalamu mbaya.

Aliyekuletea ni mke wangu Nasipwondi mwenyewe. Kusoma hajui, hiyo unajua. Mpe chai kwanza. Halafu soma kimya, usisome kwa sauti vile umezoea. Mahali pa kusoma kwa sauti nitakuonyesha.

Dada, tangu Nasipwondi aje Nairobi aliniomba kitu kimoja tu, nimpeleke sinema ya Krismasi. Huwa inaonyeshwa kila mwaka kwenye ukumbi fulani huko Kawangware. Nikamwambia hiyo ni kitu kidogo. Mwaka wa kwanza Murunga, kifungua mimba wetu, akashikwa na surua. Mwaka wa pili mimba. Mwaka mwingine watu kumi walitaka vitanda kabla ya sikukuu, na hakuna mtu Kibera hii yote anatengeneza kitanda kisicholia kama mimi, uliza popote. Kila Krismasi nilimwambia mwaka ujao, mama. Mwishowe akaacha kuniomba, akawa ananicheka tu. Alisema sinema ataiangalia mbinguni, amekaa karibu na Petro, kwa sababu Petro hana oda ya vitanda. Watoto sita, dada, na wote nimewalisha kwa mikono hii. Miaka ishirini na sita ikaisha hivyo.

Sasa Phanuel, kitinda mimba, amepata kazi Kisumu. Nyumba imebaki na sisi wawili na sufuria kubwa. Siku ya Krismasi tukitoka kanisani Nasipwondi akasimama mlangoni na kitambaa chake kipya kichwani, akaniangalia. Sikuwa na mtoto wa kujificha nyuma yake. Tukaenda kwa miguu mpaka Kawangware.

Mlangoni alikuwa kijana mmoja anaitwa Kilonzo. Akaniambia viti vya mbele vimejaa, tukakae nyuma ya shuka. Shuka ya sinema walikuwa wameitundika katikati ya ukumbi. Nikamwambia nimeingia Nairobi kabla mama yake hajaolewa na mimi sikai nyuma ya kitu. Akanijibu basi mzee rudi nyumbani na miaka yako. Watu wakacheka. Nasipwondi akanivuta koti, akasema kwa vile amengoja, hata juu ya mabati atakaa. Tukaingia nyuma.

Madirisha yalikuwa yamezibwa na mablanketi. Kabla ya sinema kubwa walitoa ndogo, ya mambo ya serikali, barabara mpya inachimbwa huko kaskazini. Maandishi yakapita. Nasipwondi akaniuliza yanasema nini. Nikaangalia, sikutambua hata neno moja. Nikamwambia hiyo ni Kijerumani.

Halafu akaonekana mtu na bendera nyekundu, kazi yake kusimamisha malori. Amevaa kofia. Akainua bendera kwa mkono wa kushoto, akageuka, akacheka. Ule mwanya, dada. Ni Murunga.

Miaka nane tangu aondoke bila kuaga, na hata salamu hatukuwahi kupata. Nasipwondi alisimama akapiga kelele kwamba ni mwanawe. Watu wakamwambia mama kaa chini. Yeye akawaambia wauangalie mkono, mkono wa mwanangu umepona! Unakumbuka Murunga alikuwa mashoto, na mkono huo wa kushoto ndio ulikatwa na shoka hapa kwangu, vidole vikajikunja visikunjuke tena. Sasa mama yake anauona umeshika bendera. Wakampigia makofi ukumbi mzima. Mimi pia nilipiga. Sinema kubwa ilikuwa ya nini sijui, usiniulize. Kurudi Kibera aliimba njia yote. Mke wangu alikuwa ameacha kuimba, nilidhani ni uzee.

Siku ya tatu nilikuwa najigamba kwa jirani yangu Nyamai, fundi wa viti. Nikamweleza habari ya Murunga, nikamweleza na ile Kijerumani. Nyamai akacheka mpaka akaweka msumeno chini. Akang'oa ukurasa wa kalenda, akaushika kwenye jua, akaniambia nisome nikiwa upande wa nyuma. Herufi zote zimegeuka. Akasema, mzee Nalianya, wewe uliangalia mgongo wa sinema. Huko nyuma kulia ni kushoto, na kushoto ni kulia.

Nikarudi kwa meza yangu nikakaa. Bendera ilikuwa mkono wa kulia, dada. Na ule mwingine nikaukumbuka vizuri, ulikuwa ndani ya koti, haukutoka hata mara moja. Kijana mwenye mabega kama yale kwa nini apewe bendera na wenzake wanapewa sepetu? Ni Murunga kabisa. Mkono haujapona.

Sasa nisikilize, maana hii sijamwambia mtu. Nilisema alicheza na shoka. Nilikuambia wewe hivyo, na mama yake, na daktari. Hakucheza. Wewe ulinionya mara nyingi nimwache mtoto na mkono wake, na ulipokuja Nairobi ulikuwa unamfungua ile kamba niliyomfunga mkono wa kushoto mimi nikitoka, nilijua. Nilikuambia mtoto wa fundi Nalianya hawezi kushika shoka kama mwanamke mlevi. Siku ile nilimpa mguu wa kitanda achonge. Nikafunga mkono wa kushoto hapo mezani kwa kamba ya katani, ushikilie mbao tu, usiguse shoka. Mkono wa kulia haukuwa na nguvu. Shoka ilipoteleza aliiona ikija. Hakuweza kuutoa mkono.

Mimi ndiye nilikata kamba kabla mama yake hajafika. Alipomuuliza, Murunga aliniangalia mimi, halafu akasema alikuwa anacheza. Miezi minane alikula kwangu bila kusema kitu kingine. Kisha akaenda.

Nasipwondi anapanda gari la kaskazini kutoka kwako, kumtafuta kwenye hiyo barabara. Amembebea shati alilomshonea, la mikono mifupi, ili watu wauone mkono. Nimekaa naye siku nane tangu Nyamai anionyeshe na sikuweza kufungua mdomo. Jana aliniuliza kwa nini sili. Nikasema ni jino. Akitoka kwako bila kujua, ataambiwa na Murunga, au atauona mkono kwanza. Mwambie wewe. Mwambie yote, na kamba. Akitaka kutorudi kwangu asirudi. Msamaha siombi, wewe unajua sijawahi kujua kuomba.

Najua sasa amekaa mbele yako na kikombe, anaangalia uso wako usome haraka. Ufunge uso. Mwache amalize chai.

Kuanzia hapa soma kwa sauti, asikie.

Mimi Nalianya nawasalimu nyote, wakubwa na wadogo, na walio shambani waambiwe. Nasipwondi amewaletea sukari na sabuni. Amekaa vizuri na mimi na Krismasi nilimpeleka sinema, kama nilivyoahidi. Murunga akionekana mwambieni meza yake ya kazi bado iko, hakuna mtu ameigusa, na akija nitampokea kwa mikono miwili.

Ni mimi ndugu yako,
Fundi Nalianya