Vidonge vya Magoti Manne

Petta, Tororo
Jumapili, 4 Mei 2025

Mdogo wangu Phiona,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hujambo wewe, na shemeji, na watoto huko Busia? Sisi tunaamka wazima, na karanga zimeota vizuri. Ningekupigia simu, ila najua ungenigombeza kabla sijamaliza.

Kwanza habari njema. Vile vidonge vya utafiti wenu vimenisaidia kweli! Napalilia nimechuchumaa, na Jumatano nilimpigia magoti mama mkwe wangu, Amulen, nikamsalimia kama zamani. Si unakumbuka alivyowatangazia majirani kwamba siku hizi namwamkia nimesimama wima kama askari? Safari hii alicheka mpaka akajifuta machozi.

Siku nilipoanza dawa nilimweleza ulivyonifundisha, kwamba mwilini mna vimeng'enya vinavyofagia uchafu unaochoma viungo. Ndiyo maana mlinitoa damu kabla ya dawa, na Alhamisi mtanitoa tena, mwone kama dawa imevitia nguvu. Alisikiliza, halafu akauliza kama magoti yake yeye hayana uchafu.

Basi, mdogo wangu, keti kwanza. Kidonge cha asubuhi nilikuwa nameza mimi. Cha jioni nilikuwa nampa Mama mkwe, wiki nne nzima. Ningemezaje vyote viwili huku namsikia akivuka kizingiti kwa kuugulia? Si wanasema kizuri kula na mwenzio? Lakini kwenye fomu nilijaza kwamba nameza viwili kila siku. Nilidanganya, na naona aibu, maana wewe ndiye uliyenidhamini kwa daktari wa utafiti wenu. Juzi Mama akasema tumbo linawaka moto. Nikaogopa sana, nikaacha kumpa, nikamwambia kwamba vile vidonge havikuwa vyake.

Tafadhali mwambie daktari kabla ya Alhamisi, asije akaisoma damu yangu kama ya mtu aliyefuata masharti. Akiniondoa, sitanung'unika. Ninachoomba ni Mama aangaliwe hilo tumbo.

Nilidhani Mama atanikasirikia kwa kumponza. Wapi! Aliposikia naweza kuondolewa, alikunja mkono wa gauni, akanyoosha mkono wake juu ya meza hii ninayoandikia, akasema, "Mwandikie Phiona kwamba nusu ya utafiti wao iko hapa."

Kwa hiyo Alhamisi tunakuja wawili. Wasalimie wote nyumbani, na usinigombeze mbele ya mama mkwe.

Ni mimi dada yako,
Akello