Nguo Kumi na Mbili za Magunzi

Jumatatu, 1 Aprili

Fungo la ishirini na moja la Ramadhani. Suruali mbili, gauni moja. Kanzu ya Mzee Mhina bado. Mvua tangu alfajiri. Umeme ulikatika saa nne, nikarudi kwenye cherehani ya miguu. Hiyo haijawahi kuninyima kazi.

Binti yangu Mwanaidi yuko hapa siku ya tatu. Amekuja likizo kutoka Misima, kwa mama yangu, anakoishi tangu mama yake, Zainabu, alipofariki. Miaka miwili sasa. Ana miaka kumi na amerefuka. Anaosha vyombo bila kuambiwa. Anasema "ndiyo baba" kama mgeni. Sipendi.

Mimi na mama tulikubaliana. Idi ikipita atakuja kumchukua, na mtoto mwenyewe atasema kama anahamia Old Korogwe asome hapa, au anarudi Misima jumla. Hakuna kumlazimisha. Nilikubali haraka sana. Sasa naogopa.

Alikuja na begi la nguo na kiroba cha magunzi ya mahindi. Nilidhani mama katuma ya kuwashia jiko, nikachukua moja nilitie motoni. Aliliwahi mkononi mwangu. Yako kumi na mawili. Yamesuguliwa kwa mchanga, yamechorwa macho kwa kalamu, na ndevu za mahindi zimefungwa juu kuwa nywele.

Nilisahau. Nilitaka kusahau. Huyu mtoto alizaliwa siku ya Idi, ndiyo asili ya jina lake, na kila Idi mama yake alifanya sherehe ya watoto wa mtaa uani kwetu. Vibendera, bisi, visheti, juisi ya ukwaju. Na kila mtoto alipewa mwanasesere wa gunzi aliyevaa sare naye. Kitambaa kilekile cha nguo yake ya Idi, maana nguo nilishona mimi na vipande vilibaki chini ya meza yangu. Nguo za magunzi nazo nilishona mimi. Zainabu alisimama nyuma yangu mpaka nimalize. Bila hivyo nisingemaliza.

Leo kaniuliza kama nitamshonea. Nikasema kesho.

Alhamisi, 4 Aprili

Sijashona.

Mwanaidi amekata vibendera vya pembetatu kutoka kwenye vipande vyangu, akavipanga kwenye uzi, kitenge, shashi, kitenge, shashi. Mkono wake umenyooka kuliko wa mwanafunzi niliyemfukuza mwaka jana. Sikumwambia. Kwa nini sikumwambia?

Minyororo ya karatasi pia. Kurasa za madaftari ya zamani, rangi ya chakula, gundi ya unga wa ngano aliyoikoroga mwenyewe. Aliianika juu ya kabati. Panya wakala ile gundi usiku, asubuhi tumekuta pete za karatasi zimesambaa chumba kizima. Alicheka. Mara ya kwanza tangu afike. Nikacheka mpaka swaumu ikaniuma.

Mama Neema jirani, anayekaanga maandazi barazani kwake, alisikia kicheko akaja. Ni Mshambaa wa milimani, Mkristo, Pasaka yake imepita Jumapili, lakini Idi ya uani kwetu anaijua kuliko mimi. Amesema visheti ni vyake. Bisi ni zake. Mimi nimebakiwa na magunzi tu.

Aliniuliza yatavaa lini. Nikasema kesho. Akasema, "Kesho yako fundi ndefu kuliko reli." Mwanaidi alikuwa mlangoni, amesikia.

Jumamosi, 6 Aprili

Wateja kumi na mmoja leo. Wote wanataka jana.

Mzee Mhina amekuja mara ya nne. Kanzu yake niliipokea tangu Shaabani. Nikamwambia njoo kesho mzee, imebaki kola tu. Haijabaki kola tu. Haijakatwa.

Mchana nilimwona Mwanaidi akikunjua gauni lake la Idi. La njano, la dukani. Bibi yake alimnunulia mnadani Sindeni. Mtoto wa fundi, na gauni la mnadani! Limenichoma. Nikataka kumpigia mama simu nigombe, nikakumbuka mwenyewe sikuwahi kuuliza mtoto atavaa nini. Sijui hata vipimo vyake. Najua kiuno cha kila mwanamke wa mtaa huu, cha binti yangu sikijui.

Hajauliza habari za magunzi leo.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimepiga hesabu. Zimebaki nguo za watu kumi na nne. Kesho nashona nane, keshokutwa Jumatano nashona zilizobaki asubuhi, kisha mchana mzima ni wa magunzi. Idi itakuwa Alhamisi. Mawingu haya, nani atauona mwezi kesho? Tutafunga thelathini. Nina hakika.

Nilimwita nikamwambia: Jumatano, mchana wote ni wako, wallahi. Akasema, "Sawa baba." Hakuinua uso. Nilimwona baadaye akiyarudisha magunzi kwenye kiroba, moja moja, akayalaza vizuri. Akafunga kamba.

Wateja huwa wanagomba. Wakigomba najua bado wananitaka. Anayenitisha ni yule anayesema sawa halafu harudi.

Jumanne, 9 Aprili

Mwezi umeonekana.

Si hapa. Hapa mvua ilikuwa inanyesha na hata paa la jirani sikuliona. Kwingine. Redio imetangaza tukiwa bado na uji wa futari mdomoni. Kesho ni Idi. Watoto mtaa mzima wakapiga kelele. Mwanaidi hakupiga. Alikusanya vikombe.

Nguo tisa za watu. Sita za watoto, tatu za wakubwa. Na magunzi kumi na mawili yako uchi. Njia ya mwongo ni fupi, yangu imeishia kwenye redio.

Niliketi kwenye cherehani nikafungua daftari la vipimo, hili hili ninaloandika nyuma yake, nione nianze na nani. Chini ya jina la Mzee Mhina kuna mteja ambaye sikumwandika mimi. Mwandiko wa shule, umepigiwa mstari:

Mwanaidi. Magauni manane, kanzu nne. Ya magunzi. Fundi amesema kesho.

Tarehe ya kuletwa ni tarehe mosi. Alijipanga foleni kama watu wengine. Mtoto wangu. Siku tisa yumo kwenye orodha na sikumwona, kwa sababu sifungui daftari, natazama uso wa mteja nasema kesho. Nimelia kidogo. Naandika hivyo kwa sababu hakuna atakayesoma. Natumaini hajafungua huku nyuma.

Kisha nimefanya jambo ambalo fundi hafanyi. Nimevaa viatu, nimetembea kwenye tope mpaka kwa wale wakubwa watatu, nyumba kwa nyumba, nikasema nguo yako haitakuwa tayari. Sikusema kesho. Mwalimu alinifungia mlango. Mama wa duka la mkaa alinitazama tu, nikaona afadhali angenitukana. Mzee Mhina alikuwa anatia udhu. "Shikamoo mzee, kanzu sijaikata." Akasema, "Marahaba. Kumbe ukweli unaujua."

Nimerudi. Za watoto sita kwanza. Halafu magunzi. Naweka kalamu.

Jumatano, 10 Aprili. Idi

Sikulala, na sijutii.

Za watoto ziliisha. Mwanaidi alikataa kwenda kulala. Alikaa kwenye mkeka akashona vifungo vyote, nami sikumfukuza. Nilipoliondoa gauni la mwisho la mtu kwenye cherehani nikasema, sasa lete kiroba. Alinitazama kama mteja anayetazama nguo akitafuta kasoro. Akakileta.

Tukamwaga vipande chini. Hiki cha Asha, hiki cha pacha wa fundi viatu. Neema wa jirani nilimshonea la Pasaka, kipande chake kilikuwepo. Za wavulana wanne nilikata vikanzu kwenye pembe za kitambaa cha Mzee Mhina. Pembe tu, si wizi, kanzu yake inatosha. Gunzi halina mabega, unashona mfuko, unatoboa matundu mawili, unatia rinda kiunoni. Mwanaidi aligeuza, alikata nyuzi, aliyavalisha. La kumi na moja lilipovaa alikuwa amelala ameegemea mguu wa meza.

Likabaki lake. Gauni la mnadani halina kipande. Nikafumua pindo, nikakata utepe wa njano wa upana wa vidole viwili, nikalikunja upya. Gunzi la mwisho likavaa njano.

Asubuhi aliliona. Aligeuza pindo la gauni lake akatazama mshono kwa muda mrefu. "Umeshona vizuri kuliko wa mnadani," akasema. Akaenda kuoga. Nilikaa palepale nimeshika pasi.

Msikitini Mzee Mhina alisali na kanzu ya mwaka juzi, safu ya mbele. Nilisali ya nyuma kabisa.

Sherehe ilianza mvua ilipokatika. Vibendera kutoka mpapai mpaka dirishani kwa Mama Neema. Visheti beseni zima, Mwanaidi aliwafundisha wenzake kuvipaka shira bila kulamba vidole, wakalamba. Bisi kwenye vikombe vya magazeti. Mchezo ni ule wa mama yake: magunzi yote yamefichwa uani, kila mtoto atafute aliyevaa sare naye, na ukiliona la mwenzio unanyamaza. Nilikuwa nimesahau huo mchezo. Hawakunyamaza hata mmoja. Uani palikuwa na kelele kama mnada. Mtoto mdogo wa Mama Asha aliliona gunzi lake ndani ya ndoo, akalia kwa furaha, halafu akaling'ata.

Mzee Mhina akaingia na mjukuu. Nikatafuta pa kujificha, hapakuwa na pa kujificha. Alimtazama mjukuu, akalitazama gunzi, akashika kikanzu kati ya vidole viwili.

"Hiki kitambaa changu," akasema. "Gunzi limesali Idi na kanzu mpya, mimi na kuukuu."

Kisha Mwanaidi akapita mbele yangu, akamshika mkono shikamoo, akampa kisheti. "Babu, yako inakatwa Ijumaa saa tatu. Nimeandika." Mzee akacheka mpaka akatafuta kiti. Akala visheti vinne.

Jioni nilimwambia Mwanaidi kwamba vibendera vyake vimenyooka. Nilichelewa wiki nzima, lakini nimesema.

Alhamisi, 11 Aprili

Mama amefika kutoka Misima na kuku na kisado cha choroko. Aliona vibendera, akaona magunzi, akakaa kitako barazani akasema kwa Kizigua maneno juu ya Zainabu ambayo siyaandiki. Macho yake yalikuwa mekundu. Yangu pia.

Alimuuliza mtoto mbele yangu. Unabaki au tunaondoka? Mwanaidi alimtazama bibi, akanitazama mimi, akasema anataka kwenda na bibi kesho. Basi. Akaenda kuwapa kuku maji.

Nilisema hakuna kumlazimisha. Siku moja ya kushona haiwezi kuziba miaka miwili. Mama Neema amesema nisimwonyeshe uso huu. Sina mwingine.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimewapeleka stendi. Nilimpa visheti vilivyobaki, kwenye kopo. Begi lake lilikuwa jepesi nilipolibeba, nikafikiri ni mimi niliyezoea kubeba vitambaa. Alinipungia mpaka basi likakata kona ya kuelekea Handeni. Gunzi lake la njano halikuwa mkononi.

Saa tatu nilikata kanzu ya Mzee Mhina, vipimo vyake ninavyo kichwani. Aliambiwa saa tatu.

Nyumba ina panya na mimi.

Jumamosi, 13 Aprili

Mzee amechukua kanzu. Imemkaa. Aliuliza yule msimamizi wangu yuko wapi, nikasema Misima.

Alipotoka nikafungua daftari nimwandike kwamba amechukua. Chini yake, pale penye oda ya Mwanaidi, mstari umekatwa kwa rula. Pembeni: Nimechukua. Na chini kuna oda mpya:

Mwanaidi. Sketi ya bluu ya shule ya hapa. Ya zamani imenipanda magotini. Ninaenda kuaga na kuchukua madaftari na sweta. Narudi Jumapili na basi la mchana. Sketi iwe tayari. Bibi anajua, nilimwambia asikwambie, nione kama unafungua daftari.

Vipimo amejipima mwenyewe kwa futi yangu. Kiuno amekosea, amepima juu ya gauni.

Nimesoma mara tatu. Nikaenda kumsomea Mama Neema, akanipiga begani kwa mwiko wenye mafuta. Nguo yangu ya Idi imeharibika na sijali.

Gunzi la njano lilikuwa juu ya kabati muda wote, limeegemea sanduku la nyuzi.

Jumapili, 14 Aprili

Hakuna mvua. Nimefagia. Nimeondoa minyororo ya karatasi iliyoliwa, vibendera nimeviacha.

Sketi nimeimaliza saa nne asubuhi, nimeipiga pasi, iko kwenye msumari karibu na mlango. Kiuno nimetia mpira, kosa lake halitaonekana. Basi linafika saa nane. Nguo haijawahi kumsubiri mwenyewe katika duka hili.

Pindo nimeliacha refu, la vidole vinne. Nimelishika kwa uzi mwepesi tu, ili mwakani niweze kulishusha, na mwaka unaofuata tena.